Habari za Vilango vya Moyo Vilivyotengenezwa na Watu

Kila mvuvi wa pwani ajua jinsi dema linavyosukwa: samaki huingia kwa mlango uliofanywa mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, na akiisha kuingia hawezi kurudi. Mwenye baiskeli naye ajua kuwa katika mpira wa gurudumu mna vali, ambayo huacha upepo uingie, ikauzuia usitoke. Moyo wa mwanadamu una vilango vya namna hiyo, vinne kwa hesabu. Damu husukumwa mbele, kisha kilango hujifunga nyuma yake, isipate kurudi ilikotoka. Moyo wa mtu mzima hupiga mara kama 100,000 kwa mchana na usiku mmoja, yaani zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka, na kwa kila pigo vilango hivi hufunguka na kufunga. Bawaba za mlango wa nyumba, hata zikiwa za chuma kizuri, zingekwisha kulika siku nyingi kabla ya kufikia hesabu hiyo.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kutoa kilango kibovu na kutia kingine mahali pake. Vilango hivyo vimefanywa kwa vitu gani. Na vimedumu muda gani ndani ya miili ya watu. Habari hizi haziko mbali nasi, kwa maana ugonjwa unaoharibu vilango vya moyo wa vijana ungali katika vijiji vyetu, na mtu aliyetiwa kilango kipya aweza kuwa jirani yetu au mwanafunzi wetu.

Kwanza yatupasa kujua kilango huharibika namna gani. Mtoto hupata maumivu ya koo yaletwayo na vijidudu viitwavyo streptokoki. Maumivu hupoa, na wazazi husahau. Lakini baada ya majuma mawili au matatu mwili, ambao ulikuwa ukipigana na vijidudu, wageuka kuishambulia nyama yake wenyewe. Viungo vyavimba na kuuma, homa yapanda. Nayo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, bali vilango vya moyo hubaki na makovu. Homa ikirudi mara ya pili na ya tatu, makovu huzidi. Kilango kimoja hushikamana kisifunguke vema, na kingine hukunjamana kisifunge, damu ikarudi nyuma. Ndipo kijana aanzapo kuhema akipanda mlima, kisha akitembea penye tambarare, na mwisho hata akilala. Watu wazee nao hupata ugonjwa wa vilango kwa njia nyingine: chokaa hujikusanya juu yake kwa miaka mingi mpaka vikawa vigumu.

Zamani madaktari waliyajua haya yote, wasiweze kufanya kitu. Waliusikiliza moyo kwa kipimo chao cha masikioni, wakaitambua sauti ya kilango kibovu, wakamwambia mgonjwa apumzike. Kuufungua moyo ulikuwa mwiko, kwa sababu moyo ukisimama dakika chache tu ubongo hufa.

Aliyejaribu kwanza kumtia mtu kilango kilichotengenezwa ni Charles Hufnagel, wa mji wa Washington katika Marekani. Mwezi wa Septemba 1952 alimtia mwanamke wa miaka 30 kibomba cha plastiki chenye gololi ndani yake. Hakuufungua moyo, bali alikiweka katika mshipa mkubwa ushukao kifuani. Damu ilipokwenda mbele gololi ilisogea. Damu ilipotaka kurudi gololi iliziba njia. Mlio wake ulisikiwa hata na watu waliokuwa karibu na mgonjwa. Kazi hii haikuponya moyo wenyewe, kwa kuwa kilango kibovu kilibaki mahali pake, lakini ilionyesha kwamba mwili wa mtu waweza kuvumilia kitu kama hicho.

Mwaka uliofuata ulifunguka mlango mwingine. Tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia, John Gibbon alimpasua msichana wa miaka 18 aliyekuwa na tundu moyoni, na wakati wa kazi hiyo damu ya msichana ilipita katika mashine iliyofanya kazi ya moyo na ya mapafu pia. Gibbon alikuwa ameishughulikia mashine hiyo kwa miaka mingi. Tangu hapo daktari aliweza kuusimamisha moyo, kuufungua, na kufanya kazi yake huku akiona.

Basi mwaka 1960 mambo yalikuja kwa haraka. Tarehe 10 Machi, katika mji wa Boston, Dwight Harken alitoa kilango cha mshipa mkubwa utokao moyoni, akatia chenye gololi mahali pake palepale. Siku iliyofuata, huko Bethesda, daktari mwanamke aitwaye Nina Braunwald alitia kilango cha plastiki katikati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Siku hizo wanawake wapasuaji wa moyo walikuwa wachache mno.

Lakini kilango kilichoenea duniani kote kilitoka katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Mwaka 1958 mzee mmoja aitwaye Lowell Edwards, mwenye umri wa miaka 60, alikwenda kumwona daktari kijana aitwaye Albert Starr. Edwards alikuwa fundi wa mitambo ya maji na pampu, naye alikuwa amepata mali kwa kubuni pampu ya mafuta ya ndege. Katika ujana wake mwenyewe aliugua homa ya baridi yabisi. Akamwambia Starr kwamba ataka kutengeneza moyo mzima. Starr akamjibu kuwa hilo ni kubwa mno, na afadhali waanze na kilango kimoja. Wakakubaliana.

Kwanza walifanya vilango vyenye vipande viwili kama mbawa, wakavijaribu kwa mbwa. Mbwa wakafa upesi, kwa kuwa damu iliganda juu ya kilango na kukiziba. Hapo tunaliona jambo kuu la habari hizi: adui wa kilango si kuchakaa tu, bali ni damu yenyewe. Damu ikigusa kitu kisichokuwa cha mwili hutaka kuganda, kama inavyoganda penye jeraha. Na donge likichukuliwa na damu mpaka ubongoni, mtu hupata kiharusi. Ndipo Edwards na Starr wakaigeukia gololi. Walifanya kizimba kidogo cha madini, na ndani yake gololi ya mpira wa silikoni ipandayo na kushuka. Jambo hili halikuwa geni, kwa sababu kizibo cha chupa cha namna hiyo kilikwisha kuandikishwa Marekani katika mwaka 1858.

Mgonjwa wa kwanza, mwanamke, alipasuliwa mwezi wa Agosti 1960. Kilango kilifanya kazi vema, lakini hewa iliyobaki ndani ya moyo ilipanda ubongoni, akafa siku ile ile. Tarehe 21 Septemba walimpasua mwanamume wa miaka 52. Huyu alipona, akarudi nyumbani kwake, akaishi miaka 10. Hata alipokufa, hakufa kwa moyo: alianguka kutoka juu ya ngazi alipokuwa akipaka nyumba rangi. Twaitaja ajali hiyo kwa sababu inaonyesha jambo moja vizuri. Mtu aliyekuwa hawezi kuvuta pumzi alipata nguvu za kupanda ngazi na brashi mkononi.

Vilango vya Starr na Edwards viliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2007, na wako watu waliokaa navyo zaidi ya miaka 40. Lakini hata hivyo vilikuwa na kasoro. Katika miaka ya kwanza gololi nyingine zilinyonya mafuta yaliyomo katika damu, zikavimba na kupasuka, hata ikabidi namna ya kuupika mpira igeuzwe. Tena gololi ilisimama katikati ya njia, damu ikalazimika kuizunguka.

Kwa hiyo mafundi walitafuta njia nyingine. Mwaka 1969 Viking Björk wa Stockholm, pamoja na fundi Donald Shiley, walitoa kilango chenye kisahani kimoja kinachoinama na kurudi. Baadaye kikaja kilango chenye vipande viwili, kilichotiwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1977 na Demetre Nicoloff huko Minneapolis, nacho huitwa St. Jude. Kilifanywa kwa kaboni ngumu ya namna ya pekee, ambayo asili yake ilikuwa katika kazi ya kufunika punje za makaa ya nguvu za atomu. Kaboni hiyo hailiki upesi, wala damu haigandi juu yake kwa urahisi kama juu ya vitu vingine. Vilango vingi vya kutengenezwa vinavyotiwa siku hizi ni vya namna hiyo ya vipande viwili.

Hapa hatuna budi kutaja habari ya huzuni. Kati ya mwaka 1979 na 1986 namna moja ya kilango cha Björk na Shiley ilitiwa katika watu wapatao 86,000. Kisahani chake kilishikwa na vijiti viwili vya madini, na kimoja kililehemiwa. Katika watu zaidi ya 600 kijiti kile kilivunjika, kisahani kikachukuliwa na damu, na wengi wao walikufa. Kilango kiliondolewa sokoni mwaka 1986. Lakini hebu fikirini hali ya wale waliobaki nacho kifuani. Kukitoa kwataka kupasuliwa tena, na katika wengi hatari ya kupasuliwa ilikuwa kubwa kuliko hatari ya kuvunjika. Basi maelfu ya watu walishauriwa wakae nacho, na wakaishi miaka yao wakisikiliza mlio wake.

Wakati wale walipokuwa wakifua madini, wengine walishika njia ya pili, ya kutumia kilango kilichokwisha kuumbwa. Mwezi wa Julai 1962 Donald Ross, aliyezaliwa Kimberley katika Afrika ya Kusini, alimtia mgonjwa wa London kilango kilichotolewa katika maiti ya mtu. Majuma machache baadaye Brian Barratt-Boyes alifanya vivyo hivyo huko Auckland, New Zealand. Vilango hivyo vilifanya kazi vizuri bila mlio, wala damu haikuganda sana. Ila havikupatikana kwa wingi. Mwaka 1967 Ross akabuni kazi nyingine ya ajabu: kukihamisha kilango kizima cha mgonjwa mwenyewe kutoka upande wa kulia wa moyo na kukiweka upande wa kushoto, wenye kazi nzito, kisha kutia cha maiti upande wa kulia.

Huko Paris madaktari wa Ufaransa walimtazama nguruwe, kwa kuwa moyo wake wafanana sana na wa mtu kwa ukubwa na kwa umbo. Mwaka 1965 walitia kilango cha nguruwe katika mtu. Lakini vilango vya kwanza viliharibika baada ya miezi au miaka michache, maana mwili wa mtu uliviona kuwa ni vya mgeni. Alain Carpentier, aliyekuwa mmoja wao, alikwenda kujifunza elimu ya kemia ili ajue sababu. Mwisho akatambua kuwa dawa iitwayo glutaraldehaidi, yenye kufanya kazi kama ile ya mtengeneza ngozi, huikaza nyama, huizuia isioze, na huificha isitambulike na mwili kuwa ni ya mgeni. Tangu mwaka 1968 vilango vya nguruwe vilivyotengenezwa hivyo vikaanza kudumu. Mwaka 1971 Marian Ionescu wa Leeds, Uingereza, akatumia utando unaofunika moyo wa ng'ombe, akaukata na kuushona kuwa kilango. Mwaka 2007 Starr na Carpentier walipewa pamoja tuzo ya Lasker ya Marekani.

Basi yako makundi mawili: vilango vya kaboni na madini, na vilango vya nyama. Msomaji atauliza, kipi bora? Jibu lake si la neno moja.

Kilango cha kaboni chaweza kudumu kuliko maisha ya mtu. Lakini mwenye nacho lazima anywe dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, mpaka kufa kwake. Dawa hiyo huitwa warfarini, nayo asili yake ni ya ajabu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani walikufa kwa kutokwa na damu isiyokoma, baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin, katika dhoruba ya theluji, alimletea mwalimu Karl Paul Link debe la maziwa lililojaa damu ya ng'ombe isiyoganda. Link na wenzake walitafuta miaka sita, wakaikuta sumu yenyewe. Mwaka 1948 ndugu ya sumu hiyo ikauzwa kwa kuua panya. Na mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya watu. Basi kitu kile kile huua panya na huokoa mtu, kwa kipimo tu.

Na kipimo ndicho shida yenyewe. Dawa ikipungua, damu huganda juu ya kilango. Ikizidi, mtu hutokwa na damu tumboni au ubongoni. Kwa hiyo damu yapasa kupimwa mara kwa mara, kila majuma machache. Majani mabichi ya mboga, kama mchicha, yana kitu kipunguzacho nguvu ya dawa hii; haikatazwi kuyala, lakini yaliwe kwa kadiri ile ile siku zote. Dawa nyingine nyingi, na za miti shamba pia, huweza kuigeuza. Mwanamke mwenye mimba ana shida zaidi, kwa kuwa warfarini hupita mpaka kwa mtoto na yaweza kumdhuru, hasa katika miezi ya kwanza. Dawa mpya zisizohitaji kupimwa zimejaribiwa kwa wenye vilango vya kaboni. Jaribio moja kubwa la dawa ya dabigatrani lilikomeshwa mwaka 2012, kwa sababu waliopewa walipata madonge na kutokwa na damu kuliko waliokunywa warfarini.

Kilango cha nyama, kwa kawaida, hakitaki dawa hiyo kwa maisha yote. Lakini huchakaa. Chokaa hukiingia, kikawa kigumu, au hupasuka. Katika mzee chaweza kudumu miaka 15 au zaidi. Katika kijana huchakaa upesi, na katika mtoto chaweza kuharibika kwa miaka michache tu. Kisha kifua hufunguliwa mara ya pili, na kila kufungua ni hatari kuliko kwanza.

Mambo haya yamepimwa kwa uangalifu. Katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani, wanaume 575 waligawanywa kwa kura kati ya mwaka 1977 na 1982: wengine wakapewa kilango cha Björk na Shiley, wengine cha nguruwe. Baada ya miaka 15, katika wale waliobadiliwa kilango cha mshipa mkubwa, walikuwa wamekufa 66 katika kila 100 wenye cha kutengenezwa, na 79 katika kila 100 wenye cha nguruwe. Cha nguruwe kilikuwa kimeharibika katika watu 23 kwa 100, na cha kutengenezwa hakikuharibika hata kimoja. Lakini waliotokwa na damu vibaya walikuwa 51 kwa 100 upande wa kilango cha kutengenezwa, na 30 upande wa nguruwe. Huko Edinburgh watu zaidi ya 500 walifuatwa kwa miaka 20, na hesabu ya waliobaki hai katika makundi mawili haikuachana sana. Twaona basi kwamba kila kilango chatoza ushuru wake; kimoja chautoza kila siku, na kingine chautoza wote pamoja baada ya miaka.

Kwa sababu hiyo madaktari wa leo, kwa jumla, humshauri aliye chini ya miaka 50 atiwe cha kaboni, na aliyepita 65 atiwe cha nyama, na walio katikati wachague baada ya kuelezwa. Penye nafasi, hasa kwa kijana, kilango kibovu hushonwa na kutengenezwa badala ya kutolewa, kazi ambayo Carpentier aliisitawisha sana. Tena tangu tarehe 16 Aprili 2002, Alain Cribier alipofanya hivyo mara ya kwanza huko Rouen, kilango cha nyama kilichokunjwa chaweza kupitishwa katika mshipa mpaka moyoni bila kufungua kifua. Njia hiyo imewafaa hasa wazee.

Lakini kanuni hizi zilipimwa katika nchi ambako wagonjwa wengi ni wazee, na kipimo cha damu hakiko mbali. Kwetu mgonjwa huwa kijana. Siku hizi vilango hutiwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hutiwa Kampala, na katika hospitali ya misheni ya Tenwek nchini Kenya. Msichana wa miaka 18 atokaye kijijini aambiwa achague. Akitiwa cha kaboni, atahitaji dawa na kipimo maisha yake yote, na barabara ya kwenda hospitali hujaa maji wakati wa masika. Na akiolewa, mimba itakuwa na hatari. Akitiwa cha nyama, aweza kuzaa kwa salama zaidi, lakini ajua kwamba atafunguliwa kifua tena kabla watoto wake hawajakua. Hakuna daktari awezaye kumwondolea uchaguzi huo. Aweza kumweleza kweli yote tu, na jamaa zake waweza kumsaidia kuushika ule alioufanya: kumkumbusha dawa, kuchanga nauli, na kumpeleka upesi akipata homa, maana vijidudu vikikaa juu ya kilango kipya huua.

Liko jambo moja ambalo sisi walimu na ninyi wazazi twaweza kulifanya kabla ya haya yote. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 akilalamika koo pamoja na homa, apelekwe zahanati, kwa maana penisilini itolewayo mapema huizuia homa ya baridi yabisi. Na yule aliyekwisha kuipata, achomwe sindano yake ya penisilini kila majuma matatu au manne, kwa miaka yote aliyoandikiwa, hata akijiona mzima. Wengi huiacha kwa sababu mtoto acheza na kukimbia. Lakini sindano ile yavilinda vilango alivyozaliwa navyo, na katika miaka yote tuliyoisimulia hapa hajapatikana bado fundi aliyetengeneza vingine vilivyo sawa na hivyo.